Tangi limeota ndevu nyeusi, na filta haijafunguliwa tangu Januari

Swali: Habari za kazi, mwalimu. Nina tangi la samaki la lita 120 sebuleni, Tabata, Dar es Salaam. Ndani kuna mimea: anubia tatu, kangaga la Java, valisneria na kriptokorini mbili. Samaki ni gapi kama 25, wanakula mara tatu kwa siku, na watoto nao huwaongezea wakipita. Filta ni ile ya kuning'inia nyuma ya kioo, boksi lake limeandikwa lita 600 kwa saa. Miezi ya kwanza kila mgeni alilisifia. Sasa kingo za majani ya anubia zimeota ndevu nyeusi, kioo kinashika utelezi wa kijani kila baada ya siku mbili, na kwenye changarawe, kona ya kulia, kuna utando wa kijani kilichokoza unaonuka. Taa nawasha asubuhi, nazima tukienda kulala. Aliyeniuzia alinionya nisiiguse filta nisije nikaua bakteria wazuri, nami sijaigusa tangu Januari. Sasa anasema ninunue filta kubwa zaidi na dawa ya kuua mwani. Ninunue?

Jibu: Usinunue, dada yangu. Filta kubwa si ya wiki hii, na dawa si ya wiki yoyote. Chukua jagi la lita moja na simu yenye saa, nenda kwenye tangi. Kinga jagi pale filta inapomwagia maji, hesabu sekunde hadi lijae. Filta ya lita 600 kwa saa inapaswa kulijaza kwa sekunde 6. Hiyo ni filta tupu, haina sponji wala chochote ndani, maana ndivyo viwanda vinavyopima. Ukishaweka sponji safi, sekunde 8 au 9 ni kawaida tu na hakuna wa kulaumiwa. Lakini kwa filta iliyokaa miezi bila kufunguliwa, jiandae. Niliwahi kupima ya jirani yangu, ya aina hiyohiyo, jagi likachukua sekunde 20. Gawanya 3,600 kwa 20, unapata lita 180 kwa saa. Kwa tangi kama lako hiyo ni maji yote kupita kwenye filta mara moja na nusu tu kwa saa. Tangi lenye mimea linapendeza likipata mara tatu au nne, za kupimwa kwa jagi, za kwenye boksi achana nazo.

Kwa hiyo ukubwa wa filta unao. Imeziba.

Aliyekuuzia hakukudanganya, alikupa nusu ya habari. Ni kweli ndani ya filta wanaishi bakteria ambao bila wao gapi wako wasingemaliza wiki. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Kazi hiyo ina njaa kubwa ya oksijeni: kila gramu moja ya naitrojeni iliyomo kwenye amonia hutumia takribani gramu 4.6 za oksijeni hadi iwe nitrati. Na maji yetu ya pwani hayana oksijeni ya kuchezea. Maji ya nyuzi joto 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 kwa lita; yakifika nyuzi 30, kama sebule nyingi za Dar mwezi wa pili, hayavuki sana 7.5.

Sasa tia tope humo. Tope la kahawia kwenye sponji ni kinyesi, mabaki ya chakula na majani yaliyooza, na lina bakteria wake wengine kabisa, wale waozeshaji. Hawa wakipata chakula huzaana kwa dakika. Wale wa amonia huhitaji nusu siku, siku nzima au zaidi kujigawa mara moja. Wakianza kugombania oksijeni na mahali pa kujishikiza, matokeo unayajua. Ndiyo maana filta iliyoachwa miezi kwa jina la kulinda bakteria wazuri inawanyonga haohao.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa, ni kwamba filta haiondoi uchafu tangini. Inaukusanya mahali pamoja, basi. Ni kama mtu aliyefagia nyumba nzima akarundika taka nyuma ya mlango. Sebule inang'aa, lakini taka bado zimo ndani, zinaoza, na maji yaleyale wanayopumua samaki yanapita katikati yake kutwa kucha. Anayezitoa nje ni wewe na ndoo yako.

Jumapili fanya hivi. Chomoa filta kwenye umeme. Nyonya maji ya tangi kama lita 20 kwa mpira, yajaze ndoo. Toa sponji, itumbukize kwenye ndoo hiyo, uikamue kama unavyokamua machicha ya nazi. Tui la kwanza litatoka jeusi kama kahawa ya kijiweni. La pili kama chai ya rangi. Komea hapo, tui la tatu usilitafute. Bakteria unaowahitaji wamejibandika kwenye kuta za sponji kwa ute wao wenyewe, hawatoki kwa kukamuliwa ndani ya maji ya tangi. Kinachotoka ni tope. Wanaowaua ni wale wanaopeleka sponji bombani kwenye maji yenye klorini, au mbaya zaidi, wanaoitia sabuni. Vipande vya seramiki, kama vipo, vitikise tu kwenye ndoo kama unaosha mchele mara moja, uvirudishe. Maji machafu peleka kwenye mchicha au mgomba. Hakuna mbolea utakayonunua inayoizidi.

Ukimaliza sponji usifunge bado. Chomoa ile sumaku ndogo yenye mapanga inayozungusha maji, utaikuta imevaa utelezi kama kamasi. Isugue kwa mswaki wa zamani pamoja na tundu lake, kisha pitisha kitambaa au brashi ndefu ndani ya bomba la kunyonyea maji. Nimeona filta zikirudishiwa karibu nusu ya nguvu zake kwa kusafisha sehemu hiyo tu. Pima tena kwa jagi, uandike sekunde kwenye kipande cha mkanda wa gundi, ukibandike juu ya kifuniko. Tangu siku hiyo kalenda haitakuhusu: ikiwa safi ni sekunde 9, ikifika 13 osha. Kwa tangi lako nadhani itakuwa kila wiki tatu hadi tano.

Kama filta yako inatumia ule mfuko wa kitambaa wenye mkaa ndani, maelekezo yatakuambia uutupe kila mwezi uweke mpya. Ukiutupa, unawatupa na bakteria. Mkaa wenyewe huondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa, nitrati na fosfati hauzigusi, na baada ya wiki chache umekwisha nguvu. Mimi hukata sponji nene ya kawaida kwa mkasi, nikaipachika mahali pa mfuko, ikakaa miaka. Na kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea vika sponji nyingine ndogo iliyotobolewa tundu. Inanasa takataka kubwa kabla hazijaingia ndani, unaikamua kila wiki kwa dakika moja, na inaokoa vitoto vya gapi visinyonywe.

Onyo moja: kwa kuwa filta imekaa muda wote huo, siku utakayoiosha usikwangue changarawe, usibadilishe maji yote, usitoe mimea. Bakteria wanaishi pia kwenye changarawe na kwenye majani, waache hao wakae watulivu wiki hiyo. Changarawe iwe Jumapili inayofuata. Kata kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, mdomo wake uubane kwenye mpira, ujaze mpira maji kabla ya kuanza ili usivute kwa mdomo. Ukisimamisha chupa kwenye changarawe tope litapanda na mawe yataanguka. Karibu na kriptokorini pita juujuu tu. Ukiichokoa mizizi itayeyusha majani yote, na utadhani umeiua.

Hapa kwetu filta ina adui mwingine ambaye maelekezo ya Ulaya hayamtaji, nao ni umeme kukatika. Nilikuwa na filta ya chini ya kabati, ile ya kopo lililofungwa, nayo nilikuwa nimeiacha miezi mitatu. Umeme ukakatika saa tatu usiku ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Saa nane hizo maji yalilala ndani ya kopo pamoja na tope, oksijeni ikaliwa yote, kilichobaki kikaanza kuoza bila hewa. Umeme uliporudi, pampu ikayasukuma yote tangini kwa mkupuo mmoja. Nilipoamka chumba kilinuka kama mayai viza, na samaki wote walikuwa juu wanatafuta pumzi. Nilipoteza saba. Siku hizi umeme ukikatika zaidi ya saa mbili tatu, nachomoa filta, naifungua, namwaga maji yaliyolala, nasuuza sponji kwa maji ya tangi ndipo niiwashe. Yako ya kuning'inia ina hatari ndogo kuliko kopo, ila ina vituko vyake: umeme ukirudi huweza kuzunguka kavu bila kuvuta maji, ikanguruma hadi ikaungua. Jaza kibweta chake kwa kikombe kwanza.

Sasa tuje kwenye kinachoingia. Chakula cha samaki chenye protini asilimia 40 kina naitrojeni kama asilimia 6.4. Mkitia gramu moja kwa siku, na kwa milo mitatu pamoja na ukarimu wa watoto nadhani mnafika huko, hiyo ni miligramu 64 za naitrojeni. Zote zikigeuka nitrati ni kama miligramu 283, ambazo kwenye lita 120 zinaongeza karibu miligramu 2.4 kwa lita kila siku, 16 na ushee kwa wiki. Samaki hubakiza sehemu mwilini, mimea inakula sehemu, kwa hiyo namba halisi itakuwa chini ya hapo, lakini mwelekeo umeuona. Gapi 25 wazima kwa makadirio yangu hawazidi gramu 15 kwa pamoja, na asilimia 2 hadi 3 ya uzito wao inawatosha kwa siku. Hiyo ni theluthi ya gramu hadi nusu. Basi mna ziada ya mara mbili au tatu. Walishe asubuhi na jioni, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika moja, na Ijumaa wafunge. Kopo la chakula liweke juu ya kabati pasipofikiwa na watoto. Hilo peke yake litapunguza mwani kuliko chupa yoyote ya dawa.

Hesabu hiyohiyo inakuambia kwa nini kubadilisha maji kidogokidogo hakusaidii sana. Tuseme nitrati inapanda 16 kwa wiki na hakuna kinachoila. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, itaendelea kupanda hadi itulie kwenye 64 hivi. Ukibadilisha nusu, itatulia kwenye 32. Kwa mwezi huu wa kutibu badilisha asilimia 40 hadi 50 kila wiki. Wiki ya kuosha filta iwe zile lita 20 tu za kwenye ndoo. Tangi likishatulia, theluthi moja inatosha.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Ukitumia ya bomba, tia dawa ya kuondoa klorini, au yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha na pampu ya hewa ikibwabwaja ndani. Yaliyolala siku kadhaa kwenye simtanki kwa kawaida yameshapoteza klorini nyingi, ila chota alfajiri; ya saa nane mchana kwenye tanki jeusi la juu ya paa yanaweza kuwapika samaki. Wakati wa masika, maji yanapokuja na rangi ya Ruvu, yaache yatuame kwanza. Ukitumia ya kisima, nunua vipimo vya nitrati upime kisima kabla ya kupima tangi. Visima vingi vya mjini vimechimbwa jirani na mashimo ya vyoo, na nitrati husafiri ardhini bila rangi wala harufu. Kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Kisima kikikaribia hapo, kila ukibadilisha maji unatia mbolea.

Nirudi kwenye mwani wako, maana una aina tatu na kila mmoja una hadithi yake.

Ule utando unaonuka si mwani. Ni sayanobakteria, bakteria wanaojipikia kwa mwanga kama mimea. Wakazi wa Kisumu wanawajua ndugu zao: maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, yakigeuka kama rangi ya kijani iliyomwagwa, ni wao. Kwako wameshika kona ya kulia kwa sababu maji hayafiki huko. Saga chembe chache za chakula, zidondoshe mbele ya filta uzifuate kwa macho. Utaona zinazunguka na kuikwepa kona hiyo. Filta ikirudi kwenye nguvu zake huenda mkondo ukafika wenyewe, la sivyo isogeze upande wa kulia. Utando wenyewe unyonye kwa mpira, unabanduka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ukirudi, zima taa siku tatu, funika tangi kwa kanga mbili nzito, pampu ya hewa ikifanya kazi, usilishe, kisha badilisha nusu ya maji. Utasikia watu wakisema saga vidonge vya eritromisini utie. Ni kweli vinawaua. Ni kweli pia kwamba ni dawa ya watu, haiwachagulii bakteria wa filta kwa upole, na kila tunapoimwaga kwenye ndoo na mitaro tunawafundisha vijidudu kuizoea. Mimi siitumii, na sitakushauri.

Utelezi wa kijani kwenye kioo ni wa kawaida. Kwa siku mbili ni mwingi kidogo, kwa wiki ni sawa na kila tangi. Kadi ya simu ya zamani inaukwangua vizuri. Ukwangue kabla ya kunyonya maji, utoke pamoja nayo.

Ndevu nyeusi ndizo zenye ukaidi, nami nazipenda kidogo, Mungu anisamehe. Hizi ni mwani mwekundu. Ndiyo, nyeusi kwa macho lakini ukoo wake ni mwani mwekundu, ukoo uleule wa spinosamu na kotonii wanazolima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Utajionea mwenyewe ukizitibu. Nunua duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na bomba la sindano lisilo na sindano. Zima filta maji yatulie, vuta mililita chache, ziachie polepole juu ya ndevu hadi zitoe mapovu, subiri dakika tano, washa filta. Kwa siku moja usizidishe mililita moja kwa kila lita 4 za tangi, yaani 30 kwako, na anza na 15. Siku ya pili au ya tatu ndevu zitageuka waridi, kisha nyeupe. Ile waridi ni rangi nyekundu iliyokuwa imefichwa na kijani. Majani ya anubia yaliyovaa ndevu zaidi ya nusu usiyahangaikie, yakate chini kabisa kwenye shina. Ila bila kuosha filta na kunyonya tope, peroksaidi ni kunyoa tu. Ndevu za kwanza huota kwenye mdomo wa filta na kwenye kingo za majani yanayoipokea mikondo yake, na kila nilipoziona zikirudi baada ya kutibiwa, nikifungua filta nakuta tope.

Taa ya asubuhi hadi kulala ni saa kumi na tano au zaidi. Hata jua letu halikai juu saa zote hizo. Mwezi huu iwe saa sita, kwa mfano kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku, muda mnaokaa sebuleni kuliangalia. Baadaye isizidi nane. Taima ya kuchomeka ukutani ni hela ndogo, na ndiyo bidhaa ya kwanza ninayokuruhusu kununua. Kama dirisha linalipiga tangi jua la asubuhi, shusha pazia.

Mimea yako yenyewe ni mizuri lakini mivivu. Anubia, kangaga la Java na kriptokorini hukua taratibu, hazili mbolea kwa kasi ya gapi 25. Valisneria ndiyo pekee yenye bidii. Ongeza seratofilamu, ule mmea laini kama mkia wa paka, uuache uelee, uupunguze kila wiki. Kila konzi unayotupa ni naitrojeni na fosfati zinazotoka nje, kama vile tope la filta. Ila mmea wa kuchota bwawani uweke kwenye ndoo ya pembeni wiki mbili, toa konokono na mayai yao, na usitie mikono mitupu humo. Konokono wa madimbwi yetu wengine hubeba kichocho, nawe hutaki kukileta sebuleni. Gugumaji liache hukohuko lilipo. Ziwa Victoria limeshatufundisha vya kutosha.

Pengine utaambiwa njaa ndiyo dawa: ondoa fosfati zote, mwani utakufa. Wazo hilo lilipata nguvu katikati ya miaka ya 1990, wapenda matangi wawili, Paul Sears na Kevin Conlin, walipopendekeza kuinyima mimea fosfati ili mwani ukose. Baadaye mpenda matangi mwingine, Tom Barr wa California, akafanya kinyume, akatia fosfati kwa makusudi kwenye matangi yenye mimea iliyonawiri, na mwani haukulipuka. Mimi niko upande wa Barr kwa sehemu: mmea wenye njaa huvuja sukari na kuoza kingo, na hapo ndipo mwani unapojishikiza. Lakini matangi ya Barr yalikuwa masafi, yanabadilishwa nusu ya maji kila wiki. Watu wengi walichukua mbolea yake wakaacha ndoo yake.

Kuhusu ile dawa ya kuua mwani: nyingi zina shaba, ambayo ni sumu kwa kamba na konokono na huumiza mimea. Hata isipokuwa na shaba, mwani wote ukifa siku moja utaozea humohumo, utakula oksijeni na kutoa amonia kwenye filta iliyokwishaziba. Taa ya miale ya UV nayo ni nzuri kwa maji yaliyogeuka supu ya kijani, mwani unaoelea. Wako umejishikiza, miale haitaugusa. Na akikuletea pleko mdogo akimwita samaki msafishaji, mshukuru umrudishie. Pleko wa kawaida hufika sentimita 30 na zaidi na kunya kama bata. Wajapani walipata suluhu ya staha zaidi: Takashi Amano, mbunifu wa matangi ya mimea aliyefariki mwaka 2015, aliwafanya kamba wadogo wala mwani wajulikane duniani kote, hadi sasa wanaitwa kwa jina lake. Ukiwapata, kamba watano au sita wataokota mabaki ya ndevu zilizogeuka nyeupe. Nyeusi mbichi hawazigusi sana.

Bidhaa ya pili ninayokuruhusu ni filta ya sponji ya kuendeshwa na pampu ya hewa, iwekwe kona ya kulia, na pampu iwe ya kuchajiwa. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile filta kubwa, mkondo utafika kwenye kona iliyooza, na umeme ukikatika usiku itaendelea kupumua.

Usitegemee kioo kitupu. Kigoma ukizamisha uso kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, maji safi kuliko yoyote utakayoyaona, kila jiwe lina zulia fupi la mwani na samaki wanaolikwangua kutwa. Wiki mbili za kwanza huenda hata ukaona vumbi la kahawia kwenye kioo baada ya kuvuruga mambo, lifute, litapita. Majani ya zamani ya anubia usiyatumie kupima maendeleo, yatabaki na makovu. Anubia hutoa jani jipya kila wiki tatu hivi. Lile litakalofunguka baada ya filta kuoshwa lipige picha, lipige tena likiwa na wiki sita. Kingo zake zikiwa bado safi, endelea hivyohivyo. Zikiwa zimeanza kuota kivuli cheusi, nitumie sekunde za jagi lako, za kabla na baada ya kuosha, nitajua pa kuanzia.